Kipimo cha Mbeba Begi

Watoto wa timu walimwita Dokta, na yeye hakuwakataza. Kwa kazi alikuwa seremala wa milango na vitanda, na udaktari wake wote ulikuwa ndani ya begi moja jekundu lililopauka: bandeji nne za kuvutika, mafuta ya kuchua, chupa ya dawa ya kupuliza yenye baridi kali, pamba, mkasi, sifongo, na mfuko wa barafu aliouomba kila Jumamosi kwa muuza samaki. Muuza samaki hakukosa kumtania kwamba wagonjwa wake siku moja watafuatwa na paka. Miaka kumi na moja alilibeba begi hilo bila kulipwa, na kama kuna aliyedhani analibeba kwa kupenda sifa, huyo hakukosea sana. Seremala huitwa kitasa kikigoma. Lakini Dokta akiingia uwanjani mbio, begi likimpiga nyongani, mpira husimama na watu wote humtazama yeye.

Tumpe haki yake, mambo mengi aliyajua. Kifundo cha mguu kilichoteguka alikitambua kwa kukibonyeza mara moja, na alijua kukikanda barafu, kukifunga na kukiinua, badala ya kukichua kama wafanyavyo wajuaji wa vibarazani. Aliwajua watoto wa miaka kumi na moja, kumi na mbili, wanaolia visigino na magoti kwa sababu mifupa inakua mbio na misuli haijaifikia, akawapumzisha. Aligombana na wazazi wanaonunua viatu vikubwa ili vidumu, mtoto anacheza mguu unaogelea ndani ya kiatu kisha wanashangaa kwa nini vidole vimechunika. Na kuna siku binti mmoja aliangukia kiganja, kila mtu akasema ni maumivu ya kupita tu, Dokta akashikilia kwamba mkono upigwe picha. Picha ilionyesha ufa pale pale mfupa unapokulia. Daktari wa kweli alimpa mkono wa pongezi mbele ya baba wa mtoto. Tangu siku hiyo kichwa kilimvimba, na hakuna mtu uwanjani aliyemuuliza tena swali la pili.

Ila kichwa cha mtu hakukijua. Kichwa hakina kifundo cha kubonyeza. Kwa kichwa alikuwa na kipimo kimoja tu, alichokiona kwa mtu zamani akakiokota: unamsimamishia mtoto vidole, unamuuliza ni vingapi, akijibu sawa anaendelea kucheza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kazi ya kushikilia sifongo shingoni mwa mtoto. Vidole alivionyesha kwa mkono wa kulia, ule ambao msumeno wa karakana ulikuwa umeukata vidole viwili, cha mwisho na cha pete, kabla hata hajaanza kulibeba begi.

Mlinda lango wa timu ya wasichana wasiozidi miaka kumi na tano alikuwa mpwa wake, mtoto wa pekee wa dada yake mdogo. Walimwita Sumaku, kwa kuwa mpira ukimfikia mikononi haubanduki. Mama yake alikuwa mjane, mwoka mikate, mtu wa kuamka saa tisa na kurudi mchana macho yamemwiva kwa joto la tanuri. Mpira hakuupenda. Alisema mpira una wenyewe, na wenyewe ni watu wenye watoto wengi.

"Niachie mimi," Dokta alimwambia siku ya kwanza. "Akijikwaa tu nipo."

"Kaka, huyu ndiye niliye naye. Simkabidhi kocha, nakukabidhi wewe."

"Nimepokea."

Maneno hayo hakuyasahau. Kila Jumamosi, kabla ya mechi, alimkagua mpwa wake kucha, kamba za viatu na glavu, na wenzake wakamcheka Sumaku kwamba anakaguliwa kama mzigo wa forodhani. Sumaku alicheka nao. Alimpenda mjomba wake, na mjomba alimpenda kuliko alivyowapenda wanawe wawili wa kiume ambao walikua, wakahama, na sasa humpigia simu sikukuu hadi sikukuu.

Siku ya nusu fainali alikuja mwanamke mmoja mwenye kofia pana na daftari. Akaketi kando ya lango, akasema hahitaji kivuli. Kocha alimnong'oneza Dokta kwamba huyo ametoka shule ya michezo, ile inayosomesha, kulisha na kulaza bure, na kwamba anatafuta walinda lango wawili tu. Siri aliyonong'onezwa Dokta saa tatu, saa tatu na nusu ilikuwa imeenea timu nzima. Sumaku aliisikia, akafunga glavu, akazifungua, akazifunga tena.

Dakika ya ishirini na tano mshambuliaji wa upande wa pili, binti mrefu mwenye mbio, alipenya katikati ya mabeki wawili akabaki yeye na lango. Sumaku akatoka, akajitupa miguuni mwake, akaukumbatia mpira. Goti la yule binti likamfika juu ya sikio la kushoto. Mlio wake ulifika hadi kwenye benchi.

Dokta alimkuta amelala ubavu, mpira bado uko kifuani. Macho yalikuwa wazi lakini yanatazama kitu kilicho mbali, nyuma ya mjomba wake. Akamwekea sifongo shingoni, akamwita mara mbili kabla hajaitika.

"Vidole vingapi?"

Sumaku alipepesa macho. "Vitatu."

"Safi kabisa. Huyu mzima."

Akamwinua, watu wakapiga makofi. Mwanamke wa daftari akaandika.

Wakati wa mapumziko Sumaku hakuketi na wenzake. Alizunguka nyuma ya banda la vifaa, pale wanapoweka vyavu na chokaa, na Dokta akamfuata na chupa ya maji. Alimkuta ameinama, mkono mmoja ukutani, anatapika. Akamshika paji la uso kama alivyomshika alipokuwa mdogo ana homa. Akatapika mara ya pili, maji matupu.

"Mjomba, jua linaniumiza macho."

"Jua linamuumiza kila mtu. Sukutua."

Akasukutua, akatema. Kisha akauliza, "Wametufunga ngapi?"

Hakuna aliyekuwa amefungwa. Ilikuwa bila kwa bila, na sababu ya bila hiyo ni yeye mwenyewe. Dokta aliisikia baridi ikimpanda mgongoni, akaijua ni hofu, akaifukuza.

"Hawajatufunga. Wewe umewazuia, au umesahau?"

"Ah. Kweli." Akamshika mkono wa shati. "Mjomba, usimwambie kocha. Yule mama ameniandika, nimemwona. Akiingia Kijiti basi tena, nimekwisha. Nakuomba, mjomba."

Kijiti ndiye aliyekuwa mlinda lango wa akiba, katoto kembamba ka miaka kumi na miwili. Na walipotoka nyuma ya banda, kocha alikuwa amemsimamisha tayari, anampasha viungo.

"Dokta, vipi mtu wako? Nimbadilishe?"

Timu nzima ilimtazama. Mwanamke wa daftari, hatua chache kutoka hapo, naye alimtazama. Dokta hana wa kumsingizia hapa. Kocha aliuliza swali safi, kwa sauti, na jibu lilikuwa mdomoni mwa mtu mmoja tu.

"Mzima," alisema. "Nimempima mwenyewe."

Kipindi cha pili kilikwenda dakika tisa. Ikapigwa krosi ya kawaida, Sumaku akaruka, na beki wake mwenyewe akamgonga kwa bega wakiwa hewani. Akaanguka kwa makalio, kichwa kikatikisika. Ndiyo hiyo tu. Refa hakupuliza filimbi, na Sumaku aliinuka na mpira wake mkononi. Akauweka chini apige, akarudi nyuma hatua nne, kisha magoti yakakunjika na akaenda chini bila kutanguliza mikono.

Kocha alitoa gari lake. Dokta alikaa nyuma na kichwa cha mpwa wake mapajani, na Kijiti, ambaye hakuna aliyemwita, aliingia akaishika miguu. Njiani Sumaku alifumbua macho, akataja jina lake alipoulizwa, akasinzia tena. Waliingia hospitali ndogo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, na kocha akageuza gari kwenda kumchukua mama kwenye kiwanda cha mikate.

Mama alifika na aproni ya kazini, unga hadi kwenye viwiko. Hakupiga kelele. Alimshika mtoto mkono, akamwita, mtoto akasema "Mama" kwa sauti nzito kama ya mtu aliyeamshwa, na mama akavuta pumzi kidogo.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, maneno machache. Alimmulika Sumaku macho, akamgonga magoti, akamwambia abane vidole vyake. Kisha akawageukia.

"Nisikilizeni. Gari letu linaondoka sasa hivi na mgonjwa mwingine kwenda hospitali kubwa, kwenye mashine ya kupiga picha ya kichwa. Nafasi ya pili ipo. Likitoka, kwenda na kurudi ni dakika arobaini, kama njia ni nyeupe. Sasa huyu anaongea, anabana mkono. Kama amegongwa mara moja akazimia, naweza kumwangalia hapa. Kama kuna zaidi, apande sasa. Amegongwa mara ngapi? Kabla ya kuanguka alitapika? Alichanganya maneno, alisahau kitu?"

"Kaka ndiye aliyekuwa naye," mama alisema, akamgeukia kaka yake kwa macho yenye imani yote iliyopo duniani.

Dokta alikuwa na ukweli mdomoni. Aliuonja. Lakini angeusema vipi mbele ya macho yale, kwamba alimshika paji la uso akitapika kisha akamrudisha langoni kwa mkono wake mwenyewe? Alijiambia mtoto anaongea. Alijiambia mtoto amebana mkono. Mtu anayetaka kujidanganya hakosi mashahidi.

"Hapana," alisema. "Ni mara moja, kipindi cha kwanza. Nilimpima, alikuwa sawa. Hakutapika."

"Una uhakika?"

"Ninao."

Daktari akaandika. Gari lilisikika likigeuza nje, likatoka getini.

Mama alibaki chumbani na mtoto. Dokta aliketi kwenye benchi la ukumbini, begi jekundu miguuni, na Kijiti akakaa pembeni yake akiwa bado na glavu mikononi na viatu vya Sumaku mapajani. Ukuta wa mbele yao ulikuwa na bango la chanjo. Dokta alilisoma mwanzo hadi mwisho, akalirudia.

"Nilimpima," alisema mwishowe. Hakuwa akizungumza na Kijiti hasa, ila alihitaji sikio. "Vidole aliviona vizuri. Aliniambia vitatu, bila kubabaika."

Kijiti alitazama viatu.

"Nini?"

"Hakuna kitu, Dokta."

"Sema."

"Si vyako ni vitatu siku zote?"

Dokta hakuelewa.

"Huo mkono," Kijiti alisema taratibu, kwa adabu, kama anayemwambia mkubwa kwamba zipu yake iko wazi. "Una vidole vitatu. Ukiuliza huwa unanyanyua huo. Wote tunajua. Sumaku mwenyewe ndiye aliyetufundisha siku ya kwanza, alisema Dokta akikuuliza wewe mwambie vitatu, hata kama unaona giza."

Dokta aliuinua mkono wake wa kulia akautazama. Kidole gumba, cha shahada, cha kati. Mkono aliokuwa akiuosha, akilia chakula, akishikia randa na kalamu kila siku ya Mungu. Alianza kuwahesabu: yule wa mwaka juzi aliyegonga mlingoti, wale mapacha walioparamiana, binti wa mwalimu aliyekuja kuacha shule kwa sababu ya kuumwa kichwa kisichokwisha, watu wakasema amerogwa. Aliwaonyesha wote mkono huu. Wote walimjibu sawasawa, na yeye akawarudisha uwanjani akipigiwa makofi. Lile tegemeo la mwisho alilokuwa amelishikilia, kwamba angalau alimpima, lilikuwa halipo na halijawahi kuwepo.

Akainuka. Akamkuta daktari chumba cha pili akimfunga mtu jeraha.

"Alitapika," alisema mlangoni. "Mara mbili, wakati wa mapumziko. Alisahau matokeo. Jua lilikuwa linamuumiza macho. Na aligongwa tena kipindi cha pili, ndipo akaanguka. Nilikudanganya."

Daktari hakumtukana. Ingekuwa nafuu kama angemtukana. Alivua glavu, akampita, akaingia kwa Sumaku, akamfunua kope moja, kisha ya pili. Mboni ya jicho la kushoto ilikuwa imepanuka, ya kulia ndogo. Akaomba simu. Dokta alisimama ukumbini akasikia mazungumzo yote: gari lilikuwa limefika hospitali kubwa wakati huo huo, ndiyo linashusha mgonjwa, ndiyo, litageuza.

Mama aliambiwa tu kwamba hali imebadilika. Gari liliporudi aliondoka amepanda nyuma na mtoto wake, ambaye sasa alikuwa haitiki tena. Kabla mlango wa gari haujafungwa, daktari alimvuta Dokta pembeni.

"Mama yake utamwambia wewe. Hiyo si kazi yangu."

"Zile dakika," Dokta alisema. "Zimemharibia?"

"Sijui. Na hakuna atakayekuja kukuambia kwa uhakika, maisha yako yote."

Walimfungua fuvu jioni ile ile, wakatoa damu iliyokuwa imevujia na kuukandamiza ubongo. Hakufa. Watu walikuja kumwambia Dokta ashukuru, na yeye alishukuru. Siku ya kumi na mbili Sumaku alifumbua macho, na siku ya ishirini akasema neno. Wiki ya tisa akarudishwa nyumbani, nywele zimeanza kuota juu ya mshono, mkono wa kulia umekunjika kifuani, mguu wa kulia unaburuta. Maneno alikuwa nayo kichwani, ila yalitoka moja moja, mengine yakakwama njiani akabaki anayasaka hadi machozi yanamlenga. Wataalamu walisema atapata nafuu. Hawakusema kiasi gani.

Dokta alilirudisha begi kwa kocha na maagizo mawili. "Anayegongwa kichwa anatoka, siku hiyo harudi. Na asipimwe na mtu yeyote wa benchi, apelekwe." Kocha aliuliza kwa nini begi anarudisha, ilhali kila mtu anajua ajali haina kinga. Dokta akamwambia wewe fanya nilivyosema.

Lakini kwa dada yake Dokta hakusema. Kila siku alikwenda na nia ya kusema, na kila siku alikuta kuna jambo: dawa, mgeni, usingizi wa mtoto. Badala ya kusema, akafanya kazi. Alitengeneza reli ya mbao kuzunguka kuta za nyumba nzima, aliyoipiga msasa hadi ikawa laini kama kijiko. Alifungua karakana mchana tu, kwa sababu asubuhi zote alikuwa hapo. Mama alikwenda zamu ya alfajiri, Dokta akaja kumnyanyua Sumaku, kumpa chai, kumtembeza kwenye reli kwenda na kurudi. Majirani walimsifu. Mjomba kama huyu, walisema, ni wa kutafutwa kwa tochi. Sifa zile zile alizozipenda miaka kumi na moja sasa zilimchoma kama pilipili kwenye kidonda.

Mchana mmoja dada yake aliwahi kurudi. Walikuwa wanakula wote watatu, na Sumaku, aliyekuwa akijifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, alimwaga chakula mapajani. Mama alichoka siku hiyo, na uchovu hauna adabu.

"Angalia sasa! Yote haya umejitakia mwenyewe. Ungesema umetapika, mjomba wako angekutoa, tungekuwa hapa leo?"

Kijiko cha Dokta kilisimama hewani.

"Nani kakuambia alitapika?"

"Hujui?" Mama alikuwa anafuta meza, hasira imeanza kugeuka majuto. "Mwenyewe kaniambia juzi. Alitapika nyuma ya banda la vifaa, akakuficha. Akakuficha wewe, kaka, na ulivyo naye. Kwa ajili ya mwanamke mwenye daftari! Mficha maradhi ndiyo haya, kilio humfichua."

Akachukua nguo zilizochafuka akatoka uani kuziloweka.

Dokta alimgeukia mpwa wake. Sumaku alikuwa anamtazama moja kwa moja, na macho yake, kinyume na ulimi wake, hayakuwa na uzito wowote. Alikumbuka. Alikumbuka ukuta, sifongo, na mkono uliomshika paji la uso.

"Kwa nini umemwambia hivyo?" alimnong'oneza.

Sumaku alitafuta neno. Mdomo ulicheza, ukakosa, ukaanza upya.

"A… atakufukuza," alisema. Akapumzika. "Nani… ata… nitembeza?"

Dokta aliweka kijiko chini. Mtoto alikuwa na maneno ya kuhesabika, kila moja analichimba kwa jasho, na alikuwa amekaa peke yake akayapanga ili amwokoe mjomba wake. Kwa siku tatu alikuwa amegombezwa kwa uongo huo, akavumilia. Aibu ilimjaa Dokta hadi machoni, akalia bila kujificha, mtu mzima mwenye mvi.

Dada yake aliporudi kutoka uani alimkuta hivyo.

"Hakunificha," Dokta alisema. "Alitapika mbele yangu. Nilimshika kichwa. Kocha aliponiuliza nilisema mzima."

Dada alisimama na mikono inayodondoka maji.

"Na daktari alipouliza?"

"Nilisema hakutapika."

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo."

"Na gari lilikuwepo."

"Lilikuwepo. Nilikuja kumwambia ukweli lilipokuwa limeshaondoka."

Dada akaketi chini, pale pale alipokuwa, mgongo kwenye ile reli. Dokta alingojea kilio, au matusi, au kitu cha kurushwa. Alivitaka. Dada yake alimtazama mtoto tu.

"Nimemgombeza siku tatu," alisema. "Siku tatu, kaka. Jana nilimwambia asiniite mama."

Sumaku alitaka kusema kitu, hakikutoka. Mama akajiburuta hadi kwenye kiti cha mtoto, akamlaza kichwa begani kwake, akawa anampapasa kandokando ya mshono, na machozi yakamtoka kimya kimya. Dokta akainuka. Alichukua kofia yake, akafika mlangoni, na hapo ndipo dada yake alipozungumza, bila kumtazama.

"Kesho nina zamu."

Dokta akageuka.

"Utakuja. Sina mwingine wa kumnyanyua. Utampa chai, utamtembeza, mchana nikirudi utaondoka." Sauti haikupanda wala kushuka. "Lakini mimi usinisalimie. Tukikutana mlangoni, wewe pita."

Alikuja kesho yake kabla hakujapambazuka vizuri, kama kawaida. Dada yake alikuwa anatoka, aproni begani, ufunguo mkononi. Dada huyu ndiye aliyelelewa na Dokta mwenyewe mama yao alipokufa, na tangu ajue kusema hakukuwa na asubuhi waliyokutana bila kuulizana wameamkaje. Neno lilimfika Dokta kooni, akalimeza. Akasogea ukutani kumpisha, naye akapita, akaenda zake kazini.